Hesabu ya Vinavyoanguka

Chukua ubao mrefu, uinue upande mmoja, kisha weka juu yake gololi ya chuma na ringi ya baiskeli iliyotolewa spoku. Viachie kwa pamoja. Gololi itatangulia kufika chini. Leta gololi kubwa zaidi, leta ringi nyepesi ya plastiki, badilisha uzito utakavyo. Gololi itatangulia tu. Ukiwauliza watu kabla ya kuviachia, wengi watakuambia kilicho kizito ndicho kitakachoshinda. Uzito hauna kauli hapa, wala upana. Kinachoamua ni mahali ambapo kila kimoja kimeuweka mwili wake: karibu na kitovu kinachozungukwa au mbali nacho.

Wanafizikia hulieleza jambo hili kwa njia ya kihasibu. Kitu kilicho juu kina nishati kwa sababu ya kimo chake. Kikishuka, nishati hiyo hutoka katika kimo na kuingia katika mwendo. Kitu kinachoserereka bila msuguano huitia yote katika kusonga mbele. Kitu kinachobiringika hakina uhuru huo. Lazima kigawe, fungu moja likisogeze mbele na fungu jingine likizungushe. Gololi, iliyojaa ndani, hutoa mafungu mawili kati ya saba kwa ajili ya kuzunguka. Ringi, ambayo mwili wake wote uko pembezoni, hutoa nusu nzima. Kwa hiyo mteremko ukiwa na kimo cha mita 1, kinachoserereka hufika chini kwa mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde, gololi kwa mita 3.7, na ringi kwa mita 3.1. Ukiiandika hesabu yenyewe utaona uzito ukijifuta pande zote mbili, na upana ukiufuata.

Jambo la kuzingatia ni kwamba ringi haikupoteza chochote. Weka mteremko wa pili mbele yake, apande anayeweza. Tukiacha kando msuguano mdogo wa hewa na ubao, ringi na gololi zitapanda hadi kimo kilekile, kwa sababu kilichokuwa kimefungwa katika mzunguko hulipwa wakati wa kupanda. Aliyechelewa kufika hakuwa fukara; mali yake ilikuwa mahali ambapo macho yetu hayakuzoea kutazama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanuni ya uhifadhi wa nishati ni daftari la namna hiyo. Ukurasa mmoja huandikwa kabla ya jambo, mwingine baada yake, na jumla mbili hizo sharti zilingane. Zisipolingana, hakuna ruhusa ya kuandika kwamba kitu kimepotea. Kuna ruhusa ya kutafuta tu. Ninaamini daftari hili lina la kutufunza kuhusu uaminifu, na pia kuhusu mahali ambapo uaminifu wa hesabu peke yake hautoshi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba halidai kuifuata safari. Fikiria ndoo ya kilo 10 inayoponyoka kwenye kisima chenye kina cha mita 5, ikiwa imefungwa kwa kamba iliyozungushwa kwenye gogo la kilo 20. Ndoo inashuka, kamba inafunguka, gogo linazunguka. Mtu anayetaka kuifuata hatua kwa hatua atapaswa kujua kamba inavuta kiasi gani na gogo linasukumwa vipi. Mwenye daftari huruka yote hayo. Anaandika kimo cha mwanzo, anaandika kwamba mwishoni ndoo inashuka na gogo linazunguka, analinganisha, na jibu linatoka: ndoo inagonga maji kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde, badala ya karibu 10 ambazo ingezifikia kama isingefungwa. Nusu ya nishati imebaki juu, kwenye gogo. Asiyetambua hilo, akalizuia gogo kwa mkono, atafundishwa na mpini wa gogo hilo.

Daftari hili halikuandikwa kwa siku moja, na historia yake ni ya watu waliokataa kukubali upungufu usioelezwa. Mwaka 1638, huko Leiden, kilichapishwa kitabu cha Galileo kinachoeleza jinsi alivyobiringisha mpira wa shaba nyeusi kwenye mfereji uliochongwa katika ubao, akipima muda kwa maji yanayochuruzika chomboni. Aligundua kwamba muda ukiwa mara mbili, umbali huwa mara nne. Mpira wake ulikuwa ukitenga fungu la nishati kwa ajili ya kuzunguka, jambo ambalo halikuwa na hesabu wakati ule. Sheria aliyoipata ilisimama hata hivyo, kwa kuwa mgao ulikuwa uleule tangu juu hadi chini.

Mwaka 1673, Christiaan Huygens alianza na wazo ambalo kila fundi wa zamani angelikubali: vitu vinavyoendeshwa na uzito wao wenyewe haviwezi kukiinua kitovu chao cha pamoja cha uzito juu kuliko pale kilipoanzia. Kwa wazo hilo moja aliweza kukokotoa mbembeo wa kitu cha umbo lolote, kazi iliyokuwa imewashinda wengi. Miaka 13 baadaye Leibniz alidai kwamba kipimo cha kweli cha nguvu ya kitu kilicho katika mwendo ni uzito wake ukizidishwa na kasi mara kasi. Wafuasi wa Descartes walipinga. Kwao kasi ilihesabiwa mara moja tu. Ugomvi huo ulidumu kwa miongo.

Udongo laini ndio uliotoa ushahidi. Huko Uholanzi, Willem 's Gravesande aliangusha mipira ya shaba juu ya udongo wa mfinyanzi na kupima shimo. Mpira ukiangushwa kutoka kimo cha mara nne, kasi yake huwa mara mbili tu, lakini shimo huwa mara nne. Udongo ulikuwa ukihesabu kasi mara kasi. Awali 's Gravesande alikuwa upande wa waliohesabu kasi mara moja tu. Mwaka 1722 alihama, akaandika alichokiona. Émilie du Châtelet aliuchukua ushahidi huo na kuutetea katika kitabu chake cha mwaka 1740, mbele ya wasomi wa Paris ambao wengi walikuwa na msimamo tofauti. Ni yeye pia aliyetafsiri kwa Kifaransa kitabu kikuu cha Newton, akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1749, na kufariki siku chache baada ya kujifungua. Tafsiri yake ilichapwa kwa ukamilifu miaka 10 baadaye.

Lakini udongo uleule ulifungua deni. Mpira uliozama katika tope hauna kimo tena, na hauna mwendo. Ukurasa wa pili wa daftari una sifuri. Leibniz alikuwa ameshalijibu swali la namna hiyo, kwamba mwendo umetawanyika katika chembe ndogo za vitu, zisizoonekana. Lilikuwa jibu zuri bila tarakimu, na lilibaki hivyo kwa zaidi ya karne moja.

Aliyeleta tarakimu alikuwa mtengenezaji bia. James Joule, wa Salford, Uingereza, alizoea kipimajoto kutokana na kazi ya familia yake. Kuanzia mwaka 1845 alifanya jaribio ambalo ni la vitu vinavyoanguka na vinavyozunguka kwa pamoja: vipande vya risasi vinashuka vikivuta uzi, uzi unazungusha mhimili, mhimili una makasia, na makasia yanakoroga maji ndani ya chombo kilichofunikwa. Vipande vikifika chini vinapandishwa tena, mara 20 kwa kila jaribio. Baada ya jasho lote hilo, joto la maji liliongezeka kwa kiasi kisichofika digrii moja. Mtu mwingine angeliita hilo kosa la kipimo. Joule alilisoma kama malipo ya deni la udongo.

Ninachokipenda katika kazi yake ni jambo dogo ambalo vitabu vya shule hulipita. Vipande vya risasi vilipogusa sakafu vilikuwa bado na mwendo kidogo. Nishati ya mwendo huo haikuingia katika maji. Joule aliipima, akaitoa katika hesabu. Hakuna ambaye angemgundua kama angeiacha. Matokeo yake, kwa vipimo vya leo, ni kwamba kuongeza joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunahitaji nishati ambayo ingeinua kilo hiyohiyo hadi karibu mita 427. Hapo ndipo tunapoona kwa nini joto lilijificha muda wote huo. Anguko kubwa huzaa joto dogo mno, na jicho lisilo na subira huliita hasara.

Mpaka hapa somo ni la kutia moyo: hakuna kinachopotea, mwaminifu akitafuta atakiona. Ningeishia hapo kama si nguzo.

Chukua nguzo ya mita 10, iliyo sawasawa kutoka chini hadi juu, iliyooza shinani. Inaanza kuinama na kuanguka, shina likibaki mahali pake kama bawaba. Jiwe likiangushwa kutoka kimo hichohicho cha mita 10 hugonga ardhi kwa mwendo wa mita 14 kwa sekunde. Ncha ya nguzo hugonga kwa mita 17. Imewezaje kuanguka kwa kasi kuliko kitu kilichoachiwa huru? Daftari linajibu bila kusita: jumla ya nishati ya nguzo nzima ni sahihi kabisa, haikuongezeka hata chembe. Ila haikugawanywa kwa usawa. Vipande vyote vilivyo chini ya mita 6.7, yaani theluthi mbili za nguzo, vinatua kwa mwendo mdogo kuliko ambao kila kimoja kingekuwa nao kama kingeanguka peke yake. Walichokosa wa chini kimepitia ndani ya mti na kwenda kwa theluthi ya juu. Mabomba marefu ya moshi ya viwandani, yakiangushwa, mara nyingi huvunjika katikati kabla ya kufika ardhini. Huko ndiko mkazo wa mgao huo unakopita.

Ndiyo maana nasema jumla sahihi si neno la mwisho. Mtu anaweza kuandika kimo cha mwanzo na mwendo wa mwisho, vikalingana hadi tarakimu ya tatu, na bado asijue ni nani katika nguzo ile aliyetoa na nani aliyepokea. Daftari halikumdanganya. Hakuliuliza.

Tanzania ina mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa sauti. Mto Kihansi unatoka katika Milima ya Udzungwa na kushuka ukingo wa milima hiyo kwa maporomoko, karibu mita 850 kutoka juu hadi bonde la chini. Kwa mhandisi, kimo hicho ni zawadi adimu. Kilo 1 ya maji ikishushwa kwa bomba kutoka huko, tukiacha msuguano, inatoka mdomoni kwa mwendo wa karibu mita 129 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Maji hayo yanapiga vikombe vya gurudumu la aina iliyobuniwa na Lester Pelton katika machimbo ya dhahabu ya California, akapewa hataza mwaka 1880. Siri ya gurudumu hilo ni daftari letu lilelile. Vikombe vikienda kwa nusu ya kasi ya maji, maji hugeuka ndani yake na kuanguka chini yakiwa karibu hayana mwendo. Yameacha kila kitu kwenye mzunguko. Kihansi ina mitambo mitatu ya namna hiyo, jumla megawati 180.

Sasa hebu tuulize: kabla ya bomba, nishati ya mita zile 850 ilikuwa ikienda wapi? Sehemu yake kubwa, kama Joule angetuambia, ilikuwa ikiyapasha maji joto. Anguko lote linatosha kwa nyuzi 2 hivi. Hesabu ya kawaida ingeishia hapo na kusema ilikuwa ikipotea. Lakini fungu dogo sana lilikuwa likipasua maji kuwa manyunyu na kusukuma upepo korongoni, na manyunyu hayo yalilowesha majani na mawe usiku na mchana, kiangazi na masika. Mwaka 1996, kazi ya bwawa ikiwa imeshaanza, watafiti walimkuta huko chura wa manjano asiyefika urefu wa sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Hakuonekana mahali pengine popote duniani. Nchi yake yote ilikuwa hekta mbili hivi za manyunyu.

Mwaka 2000 maji yaliingizwa kwenye handaki, na korongo likabaki na sehemu moja hivi kati ya kumi. Kwa upande wa nishati hakuna kilichopotea. Ilihama kutoka korongoni kwenda kwenye mitambo na nyaya. Kwa upande wa chura kilichopotea kilikuwa dunia nzima. Karibu vyura 500 walichukuliwa mwaka huo kupelekwa Marekani kulelewa katika bustani za wanyama. Korongoni kulifungwa mabomba ya kunyunyizia, na kwa muda idadi ilipanda tena. Kisha mwaka 2003 vyura walitoweka ghafla, na kuvu anayeua vyura akapatikana miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka uliofuata 100 walirudishwa Dar es Salaam kulelewa nyumbani, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirejeshwa korongoni kwa vikundi.

Ili warudi, sharti maji kiasi yaachwe yaanguke kama zamani. Na hapa daftari linatufanyia wema mkubwa, kwa sababu linatutajia bei. Mita 1 ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikishuka mita 850, ni megawati 8.3, ukitoa hasara za mitambo unabaki na 7 hivi. Hizo ni taa laki saba za wati 10. Kila mita ya ujazo inayopita korongoni ni taa hizo ambazo mtambo haukuziwasha.

Wapo wanaouliza chura wa sentimita 3 ana thamani gani mbele ya umeme wa zahanati. Swali hilo si la kijinga, wala wanaouliza si watu wabaya. Mama anayejifungua kwa mwanga wa simu ana haki ya kuuliza. Ila naliona limeandikwa vibaya. Linaanza kana kwamba maji ya Kihansi yalikuwa yakianguka bure, hayana mwenyewe, ndipo tukaja sisi tukayapa kazi. Na kwamba chochote tunachomwachia chura ni sadaka inayotoka mfukoni mwetu. Daftari linasema kinyume. Maji yale yalikuwa na kazi tangu zamani. Tulichofanya ni kuhamisha nishati kutoka kwa mtumiaji mmoja kwenda kwa mwingine. Uhamisho unaweza kuwa wa haki, na mara nyingi ni wa haki, lakini anayehamisha huwajibika kusema amechukua kwa nani, kiasi gani, na anamwachia nini. Asiyetaka kusema hivyo huita alichochukua hasara iliyookolewa.

Mazoea hayo ya kuandika «bure» mahali pa jina la mtu hayaishii kwenye mito. Tunasema mfugaji ana ardhi isiyotumika, bibi anayelea wajukuu hana kazi, mikoko inakaa tu. Katika kila kauli ya namna hiyo kuna ringi inayozunguka ambayo mwenye kusema ameitazama kwa kasi ya kusonga mbele peke yake. Na kadiri tunavyojenga mitambo mikubwa zaidi, kama ule wa Rufiji wenye megawati 2,115, ndivyo kauli hizo zinavyozidi kuwa na uzito, kwa kuwa chini ya kila bwawa kuna wavuvi, wakulima wa mabondeni na viumbe ambao mto ulikuwa umeshawaandika katika hesabu yake.

Njia ya nishati inamruhusu mwanafunzi kuruka safari na kuandika mwanzo na mwisho. Ni ruhusa nzuri darasani. Huokoa muda na haikosei. Mwenye mamlaka hana ruhusa hiyo, maana safari anayoiruka ina wakazi. Kwake yeye jumla zikilingana kazi ndiyo kwanza imeanza: inabaki kurudi katikati, kupima mwendo mdogo ule ambao Joule aliutoa ingawa hakuna aliyemtazama, na kumlipa anayestahili. Kihansi imetuonyesha kwamba malipo hayo yana tarakimu, na kwamba nchi isiyo tajiri inaweza kuyatoa na bado ikawasha taa. Ni megawati saba kwa kila mita ya ujazo. Naona ni bei ya haki, na ningependa kuiona imeandikwa waziwazi katika mpango wa kila bwawa, kabla ya handaki kuchimbwa.